Petén, Guatemala: usiende Tikal kwa nusu siku (magofu ya Wamaya na ndege wa msituni)

Mpwa wa Pangani

Wakuu, habari za majukumu.

Kwenye uzi wa Mexico watu waliuliza kama kuna sehemu ya kuona kazi za Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, bila kusukumana na umati wa Cancún. Ipo. Inaitwa Petén, jimbo la kaskazini kabisa mwa Guatemala. Peke yake ni kama theluthi ya nchi nzima, na sehemu kubwa bado ni msitu. Mimi naishi Texas, na kutoka Houston kuna ndege ya moja kwa moja hadi Guatemala City. Hapo unabadili ndege, na baada ya saa moja hivi unatua Santa Elena. Wenye subira hupanda basi la usiku.

Kituo cha kila mtu ni Flores, kisiwa kidogo ndani ya ziwa Petén Itzá, kilichounganishwa na Santa Elena kwa barabara iliyojazwa juu ya maji. Unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Na ukikizunguka ujue unakanyaga mji mkuu wa dola ya mwisho ya Wamaya. Wa-Itza walikaa hapo wakijitawala mpaka Machi 1697, Wahispania walipovuka ziwa na kuuteka. Wengi wanadhani habari za Wamaya ziliisha kabla hata Columbus hajazaliwa.

Sasa hoja yangu. Pale Flores kila mlango unauziwa safari ya nusu siku ya Tikal, mji wa kale wa Wamaya uliomo msituni: mnaondoka saa mbili asubuhi, mnarudi saa nane. MSINUNUE. Barabara ni saa moja na nusu, kwa hiyo mnaingia jua limeshapanda, ndege wametulia, na mabasi yote ndiyo yanashusha watu kwa wakati mmoja. Utapiga picha Hekalu la Kwanza, utatoka jasho, utarudi ukisema ni mawe tu. Kuna hoteli tatu za zamani ndani ya hifadhi yenyewe, karibu na lango la magofu, na pia uwanja wa mahema. Bei si ya mchezo, na umeme una saa zake. Lala huko.

Sababu ni hii. Tikal ilihamwa karne ya 10 hivi, msitu ukaifunika. Hifadhi ikatangazwa 1955, na mwaka 1979 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia kwa mambo mawili kwa pamoja, utamaduni na maumbile. Hifadhi ni kilomita za mraba zaidi ya 570, na majengo yaliyofukuliwa ni sehemu ndogo. Vilima vingi unavyovipita njiani ni nyumba na mahekalu yaliyolala chini ya mizizi. Ndege wapo kwa sababu msitu upo, na wewe unapata kuwaona kwa sababu ya mahekalu. Msitu wa namna hii ukiwa chini huoni kitu, shingo inauma tu. Lakini Hekalu la Nne lina kimo cha mita 65 hivi, lilijengwa miaka ya 740, na pembeni limewekewa ngazi za mbao. Ukikaa juu kabisa unakuwa juu ya vilele vya miti. Kasuku wanapita chini ya miguu yako!

Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kuna tiketi ya ziada ya kuingia kabla ya alfajiri kwenda kungoja mawio, lazima na kiongozi. Nawaambia mapema: ukungu ni mwingi na mara nyingi jua halionekani kabisa. Watu hulipa kwa ajili ya jua halafu wananuna. Lipa kwa ajili ya sauti. Saraguate, wale kima weusi wenye koo kubwa, huanza kunguruma gizani, mmoja kaskazini, mwingine anajibu kusini, na asiyewajua anaapa ni chui. Kukipambazuka tukani, wale ndege wenye midomo mikubwa, wanaanza, kisha kasuku, kisha huwezi tena kutenganisha nani ni nani.

Nikipata nafasi nitaendelea na magofu mengine ya Petén, Yaxhá na Uaxactún. Maswali ruksa.

NyumaYaPazia

Niweke kambi hapa. Mkuu, ndege wa kwenye bendera yao, yule wa kijani mwenye mkia mrefu, umemwona? Ndiye pekee ningemfuata huko.

Mpwa wa Pangani

Quetzal hayupo Petén, mkuu. Huyo ni wa misitu ya mawingu ya milimani, kwenye baridi. Petén ni tambarare na joto. Ukimtaka, nenda Verapaz, kuna hifadhi yake maalumu karibu na Purulhá, katikati ya nchi. Ukisikia mtu anakuuzia safari ya Tikal akikuahidi quetzal, ondoka. Mimi nilikutana na wakala mmoja pale Flores mwenye bango lenye picha yake kubwa kabisa, na hakuona hata haya.

Ila Tikal kuna binamu zake. Trogoni wako aina kadhaa, na yule mwenye mgongo wa kijani kibichi na tumbo jekundu anakaa tawini bila kutikisika mpaka unampita. Utamsikia kabla ya kumwona.

Lakini mfalme wa pale kwangu mimi ni bata mzinga wa mwituni, wanamwita *pavo ocelado*. Huyu duniani yupo kwenye rasi ya Yucatán na maeneo yaliyoshikana nayo tu: kusini-mashariki mwa Mexico, kaskazini mwa Belize, na Petén. Kwingine anawindwa, kwa hiyo ni mwoga. Ndani ya Tikal hajaguswa miaka mingi, anatembea kwenye maegesho ya magari akidonoa nyasi. Kichwa hakina manyoya, ni cha samawati iliyoiva, na juu yake kuna vinundu vya rangi ya chungwa kama mtu amemwekea shanga. Mwili una mng'ao wa shaba unaogeuka kijani akigeuka kidogo. Mkia una madoa ya mviringo ya buluu yenye ukingo wa dhahabu. Kuna watu wanamruka wakikimbilia piramidi.

Kipanga wa Kakamega

Sasa hii ndiyo uzi. Mimi ni gaidi wa ndege hapa Kakamega (gaidi kwa maana ya kuongoza wageni, msinipigie polisi 😂). Wageni wangu wawili washafika Tikal na wote wanaimba wimbo wa *oropendola*. Hebu tueleze. Na huko siafu wapo? Kwetu siafu wakipita ndipo kazi inakuwa rahisi, ndege wanakuja wenyewe.

Mpwa wa Pangani

Kaka, umegusa penyewe.

Oropendola wa Montezuma ni ndege mkubwa wa rangi ya hudhurungi, mkia wa njano, ncha ya mdomo kama imechovywa kwenye rangi ya chungwa. Wanajenga viota virefu vya kuning'inia, vingi kwenye mti mmoja. Dume akitaka kujionyesha anashika tawi, anajibinua kichwa chini miguu juu, anatikisa mabawa, na sauti inatoka ikibubujika na kumalizikia kwa mlio mkali. Halafu anajirudisha juu kama hakuna kilichotokea. Anafanya hivyo asubuhi nzima. Kaa kwenye nyasi za Uwanja Mkuu, kati ya Hekalu la Kwanza na la Pili, kabla watu hawajaja.

Siafu wapo, si wa ukoo wa karibu na wa kwetu ila kazi ni ileile. Tulikuta msafara wao kwenye njia ya kwenda Hekalu la Sita, njia ambayo wageni wengi hawaifuati kwa kuwa ni ndefu. Majani makavu yalikuwa yanatoa sauti ya mvua nyepesi, na hapakuwa na mvua. Kiongozi akatuambia tuingize suruali ndani ya soksi na tusisogee. Panzi, mende na buibui wanaruka kukimbia siafu, na ndege wamejipanga mbele ya msafara wanawadaka: wale wa kahawia wanaopanda mashina kama vigogota, tangara wenye koo jekundu karibu kabisa na ardhi, tangara wa kichwa cha kijivu. Siafu wenyewe hawawagusi. Tulisimama hapo hadi mbu wakatushinda.

Kwa wewe mwenye jicho, tafuta pia kozi wa kifua cha chungwa. Ni adimu mno Amerika ya Kati, na pale Tikal hutua juu ya mahekalu akisubiri popo na ndege wadogo. Usimchanganye na kozi-popo, mdogo zaidi na wa kawaida.

Sangara

Mimi wa Mwanza, ndege mtanisamehe. Wanakula nini hao watu?

Mpwa wa Pangani

Haha, utajisikia nyumbani. Ziwa Petén Itzá lina samaki wanamwita *blanco*, jamii moja na sato na perege, mdomo wake unachomoza mbele akidaka. Wanamkaanga mzima. Pembeni maharage meusi na tortilla. Tortilla ni mahindi kama ugali wetu, ila wao huyachemsha kwanza na chokaa, wakayaosha, ndipo wakasaga. Chokaa hiyo inafungua virutubisho ambavyo mahindi makavu yanabana, na ndiyo maana watu wameishi kwa mahindi huko maelfu ya miaka bila pellagra, ugonjwa wa kukosa vitamini. Mahindi yalipovuka bahari kuja kwetu, ufundi wa chokaa ulibaki huko.

Shangazi wa Minnesota

Mwanangu, mimi ni mtu mzima na magoti haya ya theluji. Nitapanda hizo ngazi? Na usalama kwa mwanamke anayesafiri peke yake?

Mpwa wa Pangani

Shikamoo shangazi. Ngazi za Hekalu la Nne ni za mbao, zina mikono ya kushika, na zimekatwa vipande vyenye sehemu za kupumzikia. Kinachochosha zaidi ni umbali, maana kutoka langoni mpaka kule ni mwendo mzuri wa msituni na unyevu unakaba. Nenda alfajiri, pole pole, na maji ya kutosha. Hekalu la Kwanza halipandwi na mtu yeyote siku hizi. La Pili linapandwa kwa ngazi ya nyuma, nalo ni fupi.

Usalama: Flores ni shwari, watu wanakaa kando ya ziwa mpaka usiku. Guatemala City ni habari nyingine, pale shuka, badili ndege, endelea. Barabarani safiri mchana. Chukua kiongozi mwenye kitambulisho cha INGUAT, ndiyo mamlaka yao ya utalii, na mwambie mapema unataka ndege, si historia peke yake. Wengi wanajua tarehe za wafalme kwa moyo lakini ukimwonyesha ndege anasema ni kasuku.

Na Kihispania cha kuombea maji jifunze. Kiingereza kinaishia mapokezi.

Mswahili wa Muscat

Mimi nauliza la kijinga labda. Mji mkubwa hivyo, wafalme, mahekalu. Walikwenda wapi? Au ndiyo yale ya viumbe wa angani?

Mpwa wa Pangani

Viumbe wa angani waache huko huko. Majina ya wafalme yamechongwa na yanasomeka. Aliyezikwa chini ya Hekalu la Kwanza ni Jasaw Chan K'awiil, alitawala kuanzia 682, na mwaka 695 aliwashinda mahasimu wao wakubwa wa Calakmul, mji ambao magofu yake leo yako upande wa Mexico. Kaburi lake lilifukuliwa 1962 na watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lina vito vya jade na mifupa iliyochongwa picha. Hekalu la Nne alijenga mwanawe.

Kuhusu kuondoka: Tikal haina mto. Soma hiyo tena, mji wa makumi ya maelfu ya watu bila mto. Walisakafia viwanja vyao kwa chokaa na kuviinamisha ili mvua yote itiririkie kwenye mabwawa. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo kwamba bwawa moja lilikuwa na chujio la mchanga wa kwazi na zeolaiti, madini ambayo hata leo yanatumika kusafisha maji. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ukakuta mabwawa yaliyo karibu na ikulu yamechafuka kwa zebaki, iliyotoka kwenye rangi nyekundu waliyopaka majengo, na mwani wenye sumu. Karne ya 9 ukame ukaja juu ya ukame, vita havikwisha, misitu ilishakatwa. Jiwe la mwisho lenye tarehe pale ni la 869. Watu wakatawanyika kidogo kidogo.

Hawakuisha. Sensa ya 2018 zaidi ya asilimia 40 ya Waguatemala walijiandikisha kuwa Wamaya. Huyo mama anayekuuzia tamale sokoni Santa Elena huenda anazungumza Q'eqchi', moja ya lugha za Kimaya, nyumbani. Mimi hunikera watalii wanaposimama mbele ya piramidi wakiwahurumia "Wamaya waliopotea" huku dereva wao Mmaya anawasubiri kwenye gari.

NyumaYaPazia

Umemaliza mkuu. Ila mimi nakukatalia kidogo. Nimefika Chichén Itzá na Palenque. Ukiwa na likizo fupi, Mexico inakupa magofu na bahari kwa pamoja, barabara nzuri, hoteli za kila bei. Petén ni ya watu wenye muda. Tuwe wakweli.

Mpwa wa Pangani

Sikupingi kuhusu bahari. Palenque ni nzuri, na ina ndege wake. Lakini Chichén Itzá hupandi tena jengo, njia nzima ni wauza vinyago, na msitu umerudi nyuma. Mtu wa pwani ya Tanga kama mimi bahari ninayo kwetu. Anayetaka ufuo na piramidi kwenye likizo moja aende Mexico kwa amani. Anayetaka kukaa juu ya hekalu akimsikiliza kigogota akigonga mbali, Petén.

Na mwenye haraka anaweza kuingilia Belize. Unavuka mpaka kwa Melchor de Mencos, na kabla ya kufika Flores kuna njia ya vumbi inakata kwenda Yaxhá. Huo ni mji mwingine wa Wamaya juu ya ziwa, na wageni ni wachache mno ukilinganisha na Tikal. Panda lile hekalu wanaloliita 216 jioni, unaona maziwa na msitu mpaka macho yanakoma. Usiogelee, mamba wapo.

Kipanga wa Kakamega

Na macaw wekundu, wale kasuku wakubwa? Hao ndio wageni huulizia.

Mpwa wa Pangani

Tikal hawapo. Lazima uende magharibi, hifadhi ya Laguna del Tigre, kando ya mto San Pedro, kuna kituo cha utafiti kinaitwa Las Guacamayas kinachopokea wageni, karibu na magofu ya Waka'. Unafika kwa boti. Huko utaona pia upande mchungu: ng'ombe na moto vimekula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo kinyume cha sheria. Petén nzima ya kaskazini iko ndani ya Hifadhi ya Biosfia ya Maya, ya 1990, zaidi ya hekta milioni 2, lakini kwenye ramani tu ni kijani yote.

Cha kushangaza ni kwamba msitu uliosimama vizuri mno uko pia mikononi mwa wanavijiji. Uaxactún, kilomita 23 hivi kaskazini ya Tikal, ina mkataba wa kuvuna mbao kwa mpango, na wanakata majani ya *xate* yanayouzwa nje kwa wapanga maua. Zamani walikuwa wagema utomvu wa mzapote uliotengenezewa ubani wa kutafuna. Kijiji kizima kimejengwa pande mbili za uwanja wa ndege wa enzi hizo, sasa watoto wanachezea mpira. Magofu yako nyuma ya nyumba. Kuna kundi la majengo yaliyopangwa kufuata mahali jua linapochomoza kwenye siku za sikusare (usiku na mchana vinapolingana) na siku ndefu na fupi kuliko zote za mwaka.

Miti pia utaitambua. Njiani kuingia Tikal kuna mti mmoja mkubwa wageni wote husimama. Wanauita *ceiba*, mti wa taifa, na kwa Wamaya ni mtakatifu. Ni msufi, mkuu. Msufi huuhuu tunaojazia mito Pangani na Zanzibar, ila huko matawi yake yamevaa bustani nzima ya mimea inayoota juu yake.

Sangara

Kwa mlioko Bongo je? Viza, sindano, msimu.

Mpwa wa Pangani

Haraka haraka:

Njia ni mbili zinazotumika, kupitia Madrid (Iberia wana ndege hadi Guatemala City) au kupitia Panama. Ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama unabadili ndege tu. Viza ya Guatemala inategemea pasipoti, anza na ubalozi mapema kabla hujalipia tiketi. Siku 90 utakazopewa zinahesabiwa kwa pamoja na El Salvador, Honduras na Nicaragua, usidhani kila mpaka unaanza upya. Kadi ya njano beba.

Msimu mzuri ni Februari hadi Aprili, ukavu. Ila ikifika Aprili na Mei joto linaumiza. Kwa ndege, kati ya Oktoba na Aprili unawapata pia wahamao kutoka Marekani na Kanada. Wale ndege wadogo wa njano ninaowaona hapa Texas wakipita Aprili, nimewakuta Petén wakitulia wakati wa baridi. Mvua ni Juni hadi Oktoba. Bei inashuka, matope yanapanda.

Pesa yao ni kama quetzal 7.7 kwa dola. Kiingilio cha Tikal kwa mgeni kilikuwa quetzal 150, mawio 100 juu yake.

Shangazi wa Minnesota

Na ile piramidi kubwa kuliko zote waliyoonyesha kwenye televisheni, ya msituni kabisa?

Mpwa wa Pangani

Hiyo ni El Mirador, shangazi, piramidi ya La Danta, mita 72 hivi, ya zamani kuliko Tikal unayoiona. Hakuna barabara. Unaanzia kijiji cha Carmelita, unatembea kwa miguu na nyumbu wakibeba mizigo, siku tano au sita kwenda na kurudi, unalala kwenye bembea. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya ndege zilizopita juu ya Petén zikipiga miale ya leza, yakaonyesha majengo zaidi ya 60,000 chini ya miti, na bado kuna watu wanabishana ni nini kipo huko. Kwa magoti uliyotaja, panda helikopta au baki Yaxhá na mimi.

Shangazi wa Minnesota

Yaxhá basi. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane) inatosha, au ninunue ya 10?

Kipanga wa Kakamega

8x42, shangazi. Msituni mwanga ni hafifu na ndege wako karibu, ya 10 itakutetemekea mikononi. Na usiku iweke mahali pakavu, unyevu wa huko unaotesha ukungu ndani ya lenzi.